Mkwe Aliyeona Maji

Sogeeni mbele, ndugu zangu, walio barazani nao wapate pa kukaa, maana mvua hii naona bado haijatuachia. Leo sitawachosha. Nitawapigia mfano mmoja, nao nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asirudi nyumbani akaanza kuuliza ni nani aliyesemwa msikitini.

Alikuwapo kijana mmoja, mkulima wa viazi na kabichi, anakaa milimani, kule mto unakoanzia. Akaoa bondeni, karibu na pwani, kule mto unakoishia. Katikati pana mpaka wa nchi. Binti wa watu alipopelekwa kwa mumewe alipita forodhani na begi lake, akagongewa muhuri, akaulizwa anakwenda kufanya nini, naye akaona haya kusema kwamba anaolewa. Lakini maji aliyokuwa akiteka kwao na maji aliyokwenda kuteka kwa mumewe yalikuwa ya mto uleule.

Mungu akawajaalia mimba. Na desturi mnaijua, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mzazi. Binti akarudi bondeni, akajifungua salama, mtoto wa kiume. Akawekwa ndani arobaini yake, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, mama yake haondoki ubavuni. Kule juu baba mtu anangoja. Mtoto hajamwona. Kaambiwa tu kwamba ana masikio ya babu yake, basi siku nzima yuko shambani na jembe, anacheka peke yake. Akina baba mliopo hapa, kicheko hicho mnakijua.

Sasa watu wa mfano wangu walikuwa na adabu kali ya ukwe. Mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Simu zilipokuja, adabu ikaingia mpaka kwenye simu. Mtu akiwa na neno la kumfikia mama mkwe, anampa mshenga wake, mshenga anampa mshenga wa upande wa pili, na huyo ndiye anayekwenda kupiga hodi. Mzee Mwaguzo, naona unatikisa kichwa. Ulipooa wewe ilikuwa hivyohivyo, si ndiyo? Na wala si jambo baya. Heshima ile ilijenga nyumba nyingi.

Basi, asubuhi moja, baada ya mvua kupiga milimani bila kupumzika, yule kijana akashuka mtoni. Akakuta si mto anaoujua. Maji mekundu, yamepanda mpaka migombani, yamebeba miti na mizizi yake, yamebeba paa la banda la mtu. Akasimama pale anayatazama. Kwake yeye hapakuwa na hatari, nyumba yake iko juu. Lakini maji yale yalikuwa yanashuka, na huko yanakoshuka iko nyumba ya mama mkwe, ukingoni kabisa, na ndani ya nyumba ile wamelala mkewe na mwanawe.

Akapiga simu ya mkewe. Haipatikani. Bondeni umeme ulikuwa umekatika, chaji imekwisha. Katika nyumba ile ilibaki simu moja tu iliyo hai, kale kasimu ka batani ka mama mkwe, kanakokaa na chaji wiki nzima. Namba anayo. Alipewa siku ya harusi, akaambiwa ni kwa ajili ya shida tu, na hajawahi kuipiga.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Jifikirie vizuri, umeshika simu, na upande wa pili ni mama mkwe.

Yeye alikimbia kwa mshenga. Akapanda kilima, akashuka kilima, matope mpaka magotini, akamkuta mzee anakunywa chai na mihogo.

"Mzee wangu, mto umejaa vibaya. Mke wangu na mwanangu wako bondeni. Nakuomba umpigie mama mkwe sasa hivi, watoke."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mimi nimpigie? Hapana, mwanangu. Mimi namwambia mshenga wao, naye ndiye anayekwenda mlangoni. Ndivyo tulivyokuposea, na ndivyo walivyotukubali. Nikiwaruka leo, kesho watasema watu wa milimani hawana adabu."

"Basi mpigie huyo mshenga wao."

"Nampigia. Ngoja kwanza nivae."

Wallahi, mzee akaingia ndani, akavaa kanzu, akavaa na kofia, ndiyo akashika simu! Cheka tu, Bi Mwanatumu, nakuona huko nyuma ya pazia. Simu ikaita, ikaita, ikapokewa na mjukuu. Babu hayupo, kaenda mazikoni, kijiji cha tatu, simu kaiacha nyumbani. Akirudi ataambiwa.

"Tumngoje," mzee akasema. "Wakishazika atarudi. Karibu chai."

Na yule kijana, ndugu zangu, akakaa. Akanywa chai. Msimlaumu, kalelewa vizuri. Alikaa anatazama mvua inavyomwagika kwenye kingo za paa, anaitazama simu, anamtazama mzee, na kila akitaka kusema anaona atakuwa amemvunjia mzee heshima. Adhuhuri ikaingia wakaswali. Mshenga wa ng'ambo hajarudi. Mzee akarudi kwenye chai yake.

Alipotoa salamu ya mwisho ya sunna yake, kijana alibaki pale pale kwenye mkeka, machozi yanamtoka. Ameniponyoka huyo mtoto, alijiambia, kabla sijamshika. Akainuka, akatoka nje bila kuaga, akasimama chini ya paa la kibanda cha kuku, akapiga ile namba.

Bondeni, mama mkwe alikuwa amekaa na mjukuu mapajani, anampaka mafuta. Binti yake kalala, na mzazi aliyelala haamshwi. Simu ikalia. Akatazama kioo, kimeandika Mkwe. Unajua alifanya nini? Alijifunika ushungi. Ndani ya chumba, mbele ya simu, akajifunika ushungi vizuri, akaigeuza simu kifudifudi. "Kakosea kubonyeza, maskini," akamwambia mjukuu. "Baba yako leo ataona aibu."

Ikalia tena. Akaiacha. Ikalia mara nyingine, ikalia na kulia, na hapo moyo wa mama ukashtuka. Akaipokea, akaiweka sikioni, hasemi kitu. Na kule milimani kijana naye anasikia mtu anapumua, hasemi kitu. Aseme nini? Atamwitaje?

Kisha akapata njia. Akasema, "Wewe simu. Nakwambia wewe simu, si mwingine. Mwambie mwenye nyumba kwamba maji makubwa yanashuka, yamebeba miti. Mwambie achukue watu wake apande juu shuleni sasa hivi. Asichukue chombo. Tafadhali, simu, mwambie."

Halafu sauti ya mama, ndogo sana, "Simu, mjibu huyo baba. Mwambie nimesikia. Mwambie mtoto ninaye mikononi."

Subhanallah. Mimi kila nikifika hapa nawapenda hawa watu wawili. Mioyo yao inataka kupasuka na bado wanastahiana.

Mama akamwamsha binti, akamfunga mtoto kifuani, wakatoka, wakapanda shuleni. Kabla ya magharibi maji yakafika. Nyumba ikaenda, jiko likaenda, kitanda cha uzazi kikaenda. Wao wakasalimika, mama, mzazi na mtoto, hata nguo zao hazikulowa maji ya mto.

Sasa wengi wenu mnasema moyoni, alhamdulillahi, mfano umekwisha, twende tukale. Kaeni kidogo.

Maji yalipopungua kijana akashuka. Akavuka forodha, akafika shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa, kavua viatu, hathubutu kuinua macho. Mama mkwe akainuka mwenyewe. Hakujifunika uso wala hakungoja arobaini iishe. Akamwekea mtoto mikononi. Kijana akamtazama mwanawe, akayatazama yale masikio, akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake, na hakuna aliyemcheka.

Walipotulia, mama akamuuliza. Ndiyo mara ya kwanza wanasemezana ana kwa ana tangu ndoa ifungwe.

"Mkwe wangu, haya maji uliyaona wakati gani?"

"Asubuhi, mama."

"Asubuhi," mama akasema. Akamtazama mjukuu mikononi mwa baba yake. Kisha akasema, "Nyumba ya pili kutoka kwangu alikuwa anakaa bibi mmoja, hana miguu ya kutembea. Ndiye aliyempokea huyu mtoto siku anazaliwa. Ndiye aliyemkata kitovu. Tulipotoka nilipita kwake. Mtu wa kumbeba hayupo, wanaume wako mashambani, na mimi nina mzazi mkono huu na mtoto kifuani. Nikamwambia, bibi, nifanyeje? Akaniambia, 'Mzazi kwanza. Nenda, umfikishe, halafu urudi unichukue.' Nikamfikisha. Nikageuka nirudi, mwanangu. Njia haikuwapo tena."

Kijana akamsogeza mtoto kifuani.

"Sikuulizi ili nikulaumu," mama akasema. "Ungenipigia asubuhi, wanaume wangeitwa, wangembeba na kitanda chake. Na mimi ningepokea ulipopiga mara ya kwanza, labda ningepata hata toroli. Mimi na wewe, mwanangu, tulikuwa tunaheshimiana." Wakakaa chini, mkeka mmoja, mtu na mama mkwe wake, wakamlilia yule bibi pamoja.

Ndugu zangu, mkwe na mama mkwe ndio sisi. Nchi ya juu na nchi ya chini, mto umetuoza. Tunapendana? Tunapendana. Tunatembeleana, tunazikana. Lakini maji yakijaa milimani, habari inavaa kanzu kwanza. Inapanda wilayani, inakwenda mji mkuu, inangoja mkubwa atoke mkutanoni, inavuka kwa mkubwa wa pili, inashuka mkoani, inashuka wilayani, na ikija kupiga hodi hapa kijijini inakuta watu wamekaa juu ya mapaa. Sisemi wakubwa wasiandikiane. Waandikiane, wawekeane mikataba, wafunge vipimo vya maji mto mzima na wasomeane bila kufichana, na Mungu awalipe kheri. Ninachosema ni kwamba aliyeyaona maji awe na ruhusa ya kumpigia atakayefikwa nayo, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Na sisi wa chini tusijifanye wema. Mara ngapi tumetumiwa ujumbe wa kutuambia tuhame, tukageuza simu kifudifudi? Tunasema wamekosea, tunasema mwaka jana walisema hivyohivyo na maji hayakuja. Wengine wanasema mabaya zaidi, kwamba wale wa milimani ndio wanaokata miti na kutuletea balaa, tuwasikilize kwa lipi? Yawezekana wanakata. Hilo tutawaambia, na wao wana yao ya kutuambia. Lakini mtu akikupigia akuokoe, unaanza kumhesabia makosa yake?

Kesho asubuhi watu wa milimani wanakuja hapa, kamati yao ya maji, watakutana na yetu kwenye uwanja wa shule. Nimesikia kuna waliosema hawaendi. Nawaomba mwende. Nawaomba kwa ajili ya wale waliomo majumbani mwetu wasioweza kutembea, wazazi wetu, wagonjwa wetu, akina mama walio ndani. Akina mama nanyi mwende, maana mara nyingi simu inayolia nyumbani ni yenu. Kila mmoja arudi na namba ya mtu wa juu, ampe na yake, na wapeane idhini pale pale kwamba yeyote apige muda wowote, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, bila mshenga. Allah ampe makao mema kila aliyechukuliwa na maji akimngojea mtu arudi.

Na neno langu la mwisho ni hili, kwa sababu nawajua. Sisi tukishika simu tunauliza hujambo, nyumbani hawajambo, watoto je, mvua je, mpaka salio linakata. Siku hiyo usimsalimu. Mwambie kwanza maji yanakuja. Salamu utampa akishafika palipo pakavu.