Barua ya Kudai Ua

Jumatatu saa tatu asubuhi, Bwana Mbarouk alimtaka mpangaji wake, Mwanakheri, amrudishie ua wa nyuma ya nyumba. Alimpa bure ulipokuwa jalala. Sasa Mwanakheri aliishi kwa mchicha, bilingani na mawaridi aliyootesha humo, naye Mbarouk alitaka kuegesha gari.

"Sawa, bwana. Lakini niandikie, nisije nikasumbuliwa tena."

Mbarouk akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mwanakheri anirudishie ua langu kabla ya Ijumaa. Akinirudishia, sitamdai kitu tena."

"Langu au wangu, bwana?"

"Langu! Wewe muuza mchicha unifundishe mimi Kiswahili?"

"Astaghfirullahi! Nitaanzia wapi? Tia sahihi tu."

Akatia.

Alhamisi walikutana kwa sheha. Mwanakheri akaweka mezani waridi moja jekundu.

"Mzaha gani huu?" Mbarouk akafoka. "Ua wangu uko wapi?"

Sheha aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Ungeandika 'wangu', ningemwambia akuachie uwanja. Umeandika 'langu', Mbarouk. Ua lako hilo hapo."

Saa nne na nusu sheha aligonga muhuri, na Bwana Mbarouk akatoka na waridi lake mkononi.