Mwanga Uliozungushwa

Kama unamjua mtu asiyeweza kukaa kitini dakika tano, msomee hii, kisha umtumie.

Mhandisi Lusajo hakuwa mtu wa kutulia. Chai aliinywa amesimama, na methali za "haraka haraka haina baraka" aliwaachia wauza kahawa. Kwa miaka mitatu alikuwa akijenga mtambo wa kuunganisha kompyuta za hospitali kwa mwanga. Kila ujumbe ulikatwa vipande, na vipande vikakimbia ndani ya nyuzi za kioo. Ijumaa madaktari wakuu wangekuja kuujaribu. Ukishindwa, mradi unafungwa, naye anarudi kwao mikono mitupu.

Jumatano lilimkera bunda la uzi wa kioo, kilomita mbili, lililoviringwa nyuma ya mtambo. Mwanga uliingia humo, ukazunguka, ukarudi palepale.

"Dada Asteria, hili tulitoe," alimwambia fundi wake.

"Mhandisi, mwanga hausimami kungoja. Vipande viwili vikifika mlangoni mwa mtambo pamoja, kimoja lazima tukizungushe humo hadi zamu yake."

"Mtambo wangu una kasi. Havitakutana."

"Kawia ufike, kaka."

"Litoe."

Likatolewa. Lusajo akajaribu kwa kompyuta yake moja, kila kitu kikapita. Akafurahi mno.

Ijumaa kompyuta za hospitali kumi zilituma kwa pamoja. Daktari mkuu aliomba picha ya moyo wa mgonjwa. Ikaja imekatika katikati.

"Mhandisi," aliuliza taratibu, "nusu nyingine ya moyo iko wapi?"

Lusajo aliona aibu. Aliomba nusu saa. Akaketi sakafuni, ameshika bunda, huku Asteria akiliunganisha tena na mtambo, ncha moja moja, bila kuharakishwa na mtu.

Picha ya pili ilifika nzima. Madaktari wakaukubali mtambo.

Wageni walipoondoka, Lusajo alipumua. "Afadhali. Safari hii picha yetu imepata njia nyeupe, haikuzungushwa."

Asteria akamwonyesha kumbukumbu za mtambo kwenye kompyuta.

"Hakuna iliyozungushwa kama hiyo. Vipande vyake vimepita kwenye bunda mara sabini, na hakuna aliyeona imechelewa."

Lusajo alizisoma zile namba moja baada ya nyingine. Kisha akavuta kiti, akaketi.

Funzo: Kuzungushwa si kupotea, asiyekubali kumpisha mwenzake ndiye anayefika nusu.