Matanga ya Moto

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nini?
— Palikuwa na jiko.
— Jikoni mna nani?
— Mna marehemu asiyezikika.

Haya, mmeitikia vizuri, isipokuwa wewe uliyekaa karibu na mlango, unayepiga miayo hata kabla sijaanza. Sogea kwenye moto. Hadithi yenyewe inamhusu huyo unayemwota.

Hapo kale, kale za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Kigongoni. Baridi ya Kigongoni haikuwa ya mzaha, na Moto alikuwa mmoja tu. Radi ilimleta siku ilipopasua mti wa mgunga. Wazee wakamchukua kwa kigae, wakamweka katika Jiko la Mji, na tangu siku ile hakuna aliyejua kuwasha mwingine. Kila asubuhi watu walikuja na vigae vyao kuomba kaa, wakaenda kupika kwao; jioni likazimika.

Mlinzi wa jiko hilo alikuwa Nambua, mpwa wake Jumbe Mrutu, mwanamke wa mikono mirefu na maneno machache. Kazi yake ilikuwa moja: Moto asife. Maana mababu walikuwa wameapiana na Fisi wa ng'ambo ya mto. Moshi wa Kigongoni ukionekana, Fisi havuki. Moshi ukikatika, Fisi anavuka, na mlinzi wa jiko ni wake, nyama na mifupa. Ndivyo walivyokula kiapo, na wao wenyewe wakafa zao kwa uzee, wakawaachia wengine kukilipa.

Mwaka huo masika yalinyesha siku tisa bila kumeza mate. Kuni zikalowa. Nambua akapuliza, akapepea, akapuliza tena. Siku ya tisa, alfajiri, akasinzia. Kusinzia tu, kidevu kifuani. Paa likavuja. Tone. Tone. Tone. Alipofumbua macho, jiko lilikuwa jeusi.

Hakulia. Alitia mkono jivuni akitafuta kaa moja, nusu kaa, chembe ya kaa. Mkono ukatoka mweupe hadi kiwiko, nao haukuungua popote. Akakaa chini, akautazama ule mkono asiamini kuwa ni wake.

Jirani yake Nakiete ndiye aliyefika wa kwanza na kigae chake. Huyo Nakiete alikuwa bingwa wa kulia misibani. Alialikwa hata mji wa pili. Alipoliona jiko, kigae kikamponyoka kikavunjika, naye akapiga ukunga uliovuka mabonde mawili. Watu wakaja mbio, mikono kichwani. Na kwa kuwa hawakujua jambo jingine la kumfanyia aliyekufa, wakamwekea matanga. Mikeka ikatandikwa. Marehemu akafunikwa kaniki. Jivu, mjane wake, akakalishwa eda palepale jikoni.

Kabla hawajamaliza kupeana pole, Fisi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameutazama mlima tangu alfajiri, akaona hakuna moshi. Akaingia kichwa chini, kwa adabu zote za mfiwa.

"Poleni sana," akasema. "Msiba huu ni wetu sote. Nimekuja kumchukua Nambua."

Watu wakasukumana nyuma. Kiapo walikuwa wakikisikia tangu utotoni, lakini kukiona kimekaa mlangoni, kina meno, ni jambo jingine. Jumbe Mrutu alisimama. Nambua alikuwa mtoto wa dada yake, naye ndiye aliyemkabidhi jiko lile. Alitafuta neno la kumwokoa, akalikosa, akatafuta tena, akaikumbuka mila.

"Karibu mkekani, Bwana Fisi," akasema. "Lakini hakuna mtu anayetolewa katika nyumba yenye matanga. Na matanga hayaanuliwi mpaka mrithi wa marehemu ajulikane. Hiyo ndiyo mila, na wewe uliapa kwa mila."

Fisi akajikuna sikio. Akauliza matanga ya Kigongoni ni siku ngapi, akaambiwa ni tatu.

"Siku tatu nitakaa," akasema. "Ila mrithi aje na sura ya marehemu. Simtaki mrithi wa maneno. Siku ya tatu jua likielemea magharibi na hajaja, naondoka na changu."

Akajinyoosha juu ya mkeka wa Nambua mwenyewe, akaanza kuvitazama vigimbi vya miguu ya Nambua. Jumbe akamvuta mpwa wake kando, akamwambia amtafute ndugu yake Moto, hata awe wa mbali, kwa maana yeye mjomba hakuwa na kingine cha kumpa.

Siku ya kwanza hiyo. Wafiwa hawana moto, lakini njaa haijui msiba. Wakala unga wa mtama uliokorogwa kwa maji baridi, tena wakaulizia kama umebaki. Aliyeukoroga ni Nambua, kwa upekecho, kile kijiti cha jikoni kinachozungushwa katikati ya viganja. Akapekecha, akapekecha, akapekecha. Mara akakitupa kijiti chini. Viganja vyake vilikuwa vya moto.

Moyo ukamwenda mbio. Jiko limekufa, mji mzima una baridi, joto hili limetoka wapi? Alidhani amerogwa. Akaficha mikono ndani ya nguo, asimwambie mtu, akaenda kwa Jivu.

"Dada Jivu, mumeo ana ndugu?"

"Ndugu simjui," akasema Jivu bila kuinua uso. "Ila mume wangu hakufia humu. Mimi ni kitanda alicholalia tu. Alikuwa na safari zake kwa Chungu. Akifika kule haitwi Moto, anaitwa Joto. Kile kifuniko kikicheza ti-ti-ti, ulidhani kinachezeshwa na nani?"

Nambua akamgeukia Chungu. Miaka yote alikaa karibu na kifuniko kile, akakiona kinaruka, na hakuwahi kuuliza. Nakiete naye, aliyekuwa nyuma ya ukuta kwa bahati mbaya, akajishika kinywa. Haukupita hata muda wa kumenya ndizi, mji wote ukajua kuwa marehemu alikuwa na nyumba ya pili. Nyinyi mnayajua matanga: hapo ndipo yanapotoka mambo ambayo marehemu angejificha asiyasikie.

Chungu alipoulizwa hakukana. Alikiri kuwa alikuwa akimpokea, lakini Moto hakukaa. Alimchezeshea kifuniko, akatoka mdomoni kwa sura ya mvuke, akaenda zake hewani kuwapasha watu mashavu. Hakumwachia mtoto wala sura.

"Siku moja," akasema Fisi kutoka mkekani.

Siku ya pili Nambua akaenda penye kuni. Palikuwa na gogo la mgunga, kuukuu, lililohifadhiwa chini ya upenu.

"Babu Gogo, Moto alikuwa nani kwako?"

"Nilimlea," akasema Gogo. "Amekaa kifuani mwangu miaka arobaini, kimya, haonekani, hachomi. Baba yake ni Jua. Jua alikuwa akinishukia majanini kila siku, akajiweka ndani yangu kidogo kidogo. Yule mliyekuwa mkimwona anawaka jikoni ni Jua la miaka hiyo, anatoka."

Nambua akakaa kwenye tope, asijue amekaa. Yule aliyempikia tangu utoto ni mtoto wa Jua! Akatazama juu, mawingu tupu. Woga ukamshika, maana aliona kila anachokigusa kina mtu ndani. Akauliza kwa sauti ndogo kama Jua ana watoto wengine.

"Jua yule?" akasema Gogo. "Hakuna jani analolipita bila kuingia. Nenda kwa Mtama."

Habari hiyo iliwatikisa Kigongoni kuliko kifo chenyewe. Baba wa marehemu anapita juu ya mji kila siku, mchana kweupe, na hajaja hata kutoa pole! Nakiete alilia mara mbili, mara ya kwanza kwa msiba, mara ya pili kwa aibu.

"Siku mbili," akasema Fisi. Na mara hii alikuwa amekaa, halali tena.

Siku ya tatu Nambua akapanda ghalani.

"Dada Mtama, nimeambiwa wewe na Moto ni ndugu."

"Baba mmoja, mama mbalimbali," akasema Mtama. "Yeye alilelewa na mgunga, mimi na shamba."

Nambua nusura alie kwa furaha. Akamwomba washuke pamoja, akaseme hayo mbele ya Fisi. Lakini Mtama akamzuia.

"Mimi sina sura yake. Nishike, mimi ni baridi. Ila juzi ulinila, na jana umenila. Niko mkononi mwako, na humo naitwa Nguvu. Ukiuzungusha mkono naitwa Mwendo. Na Mwendo akibanwa kijiti kwa kijiti, akakosa pa kwenda, unadhani atakuwa nani?"

Nambua akavifungua viganja vyake. Akaukumbuka upekecho. Kumbe hakurogwa! Aliyekuwa akililiwa kule chini alikuwa humu, ndani ya mikono yake, siku zote tatu.

Jua lilikwisha kuelemea magharibi. Jumbe Mrutu alisimama mbele ya wafiwa, akauliza kama mrithi amejulikana. Fisi alikuwa ameshasimama, ulimi nje. Ndipo Nambua akaingia, mkono mmoja ameshika upekecho aliouvunja kichwa ubaki ncha tupu, mkono wa pili kipande kikavu alichokibandua ubavuni mwa Gogo.

"Mrithi ninaye," akasema.

Akakikanyaga kipande kwa unyayo, akasimamisha kijiti juu yake, akaanza kupekecha akiimba:

Jua la mtama, ingia mkononi,
Nguvu ya mkono, shuka kijitini,
Ndugu yake Moto, toa sura tukuone.

Mara ya kwanza, viganja vikapata moto. Kipande kimya. Fisi akasogea hatua moja.

Akaimba tena, akapekecha. Malengelenge yakapasuka viganjani, kijitini ukatoka unga mweusi, mweusi kama masizi. Kipande kimya. Fisi akasogea hatua ya pili, na Nambua akaisikia pumzi yake shingoni.

Akaimba mara ya tatu. Alipekecha kama mtu asiye na kesho, maana kweli hakuwa nayo. Ukapanda uzi mmoja wa moshi.

Nakiete, sijui nani alimtuma, alichomoa nyasi kavu ndani ya paa akazitupia pale. Nambua akapiga magoti, akapuliza. Moto akafumbua jicho, akasimama, akawatazama waombolezaji wake.

Mnadhani walishangilia? Hakushangilia mtu. Jumbe Mrutu alikaa chini, vumbini, na ujumbe wake wote. Nakiete alikuwa amefungua kinywa ili alie, kinywa kikabaki wazi, kilio hakikutoka. Hata Nambua mwenyewe alitupa kijiti akarudi nyuma, anaiogopa mikono yake. Fisi ndiye aliyesema wa kwanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Lakini tumemlilia siku tatu. Hata mimi nimemlilia."

Jumbe akainuka polepole.

"Basi hakufa," akasema. "Kama hakufa, hapana matanga. Kama hapana matanga, Bwana Fisi, siku tatu mkekani kwetu unafanya nini?"

Moshi ulikuwa umekwisha kutoka kwenye paa, unaonekana hadi ng'ambo. Fisi akaondoka kinyumenyume, macho kwenye jiko, akatumbukia mtoni matako kwanza. Mpaka leo mkimsikia huko porini, watu husema anacheka. Hacheki. Anajiuliza maiti yule alifufukaje.

Baada ya hapo ndipo mjomba alipomkumbatia mpwa wake na kulia machozi yake ya siku tatu. Lakini Nambua hakuweza kumkumbatia. Mikono ilining'inia, imekwisha kabisa, na njaa iliyomshika ilikuwa ya mtu aliyelima shamba zima peke yake. Wakamsongea ugali wa mtama kwa moto ule mpya. Akamaliza bakuli la kwanza. Akamaliza la pili. Alipoomba la tatu, Nakiete akashindwa kujizuia, akamuuliza kulikoni.

"Moto ametoka kwangu kwenda jikoni," akasema Nambua. "Mtu akitoka, nyumba haiachwi tupu. Leta ugali."

Tangu siku hiyo Kigongoni hawakumwekea mtu ulinzi wa jiko, wala hawakumtoa mtu kwa Fisi. Kila nyumba ilikuwa na upekecho wake na mikono yake. Na watoto wakafundishwa hivi: Nguvu hafi. Huhama nyumba, hubadili nguo, huitwa jina jingine. Leo ni Jua, kesho ni Mtama, kesho kutwa ni mkono unaopekecha, na mwisho ni Moto anayekupikia. Ukimkosa mahali, usimwekee matanga upesi; uliza kwanza amehamia wapi.

Hamsadiki? Haya, toeni mikono, hata wewe wa mlangoni. Sugueni viganja. Sugueni, sugueni, sugueni. Sasa viwekeni mashavuni.

Mmemsikia? Huyo ndiye marehemu. Msalimieni.

Hadithi yangu nimeichochea mpaka kuni zimeisha. Iliyokuwasha nenda nayo kwenu ukawashie wengine. Iliyokufukiza moshi machoni niachie mimi, nimeshazoea. Na kama kuna ugali uliobaki usiuonee haya, ulete hapa: nimesema maneno mengi, na kila neno limetoka tumboni mwangu.