Sungura, Mkalimani wa Mlima

Huko kaskazini, mbali kiasi kwamba habari zikifika huwa zimeshapoa, kulikuwa na mlima uliokaa kimya hadi wanyama wakausahau. Asubuhi moja ukapasuka. Moshi ukapanda, jivu likashuka siku baada ya siku, nyasi zikazikwa, na madimbwi yakageuka uji mweusi. Ikabaki chemchemi moja tu chini ya mlima, na kila mwenye koo akaikimbilia.

Simba, mfalme wao, alijifungia pangoni mpaka mngurumo ulipotulia. Alipotoka, alitangaza kwamba alikuwa akitafakari.

"Mlima huu umenisalimu," akasema. "Umechelewa, lakini umenisalimu."

Hakuna aliyebisha. Madhara ya kubishana na Simba yalijulikana.

Sungura ndiye aliyeona nafasi. Alisogea mbele, akasimamisha masikio yake marefu kuelekea mlimani, akafumba macho kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Mtukufu, haikuwa salamu tu," akasema kwa upole. "Mlima unazungumza. Wenzangu hawausikii kwa sababu, wanisamehe, masikio yao ni madogo. Unasema chemchemi ni yake. Anayetaka kunywa atoe kwanza zawadi, ama majani mabichi ama nyama. Majani nitayapokea mimi. Nyama atapeleka Fisi. Amejitolea."

Fisi, ambaye maishani mwake hakuwahi kujitolea kwa lolote isipokuwa kula, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu huku mate yakimdondoka.

"Nitaifikisha hadi mdomoni," akasema. Hakufafanua mdomo wa nani.

Basi utaratibu ukaanza. Sungura alipokea majani nyuma ya jiwe, na Fisi alibeba nyama na kupotelea bondeni. Ajabu ya mlima ule ni kwamba kadiri ulivyolishwa, ndivyo Sungura na Fisi walivyonenepa. Wanyama waliliona hilo, wakaambiana kuwa utumishi una baraka zake.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa Mbuni. Alitoa hata majani aliyomwekea mkewe, ambaye alikuwa akilalia mayai. Mkewe alipouliza watakula nini, alimjibu, "Usijali, mke wangu. Mlima unatujua kwa majina."

Choroa, yule swala mkubwa wa jangwani mwenye pembe zilizonyooka, alikuwa na ndama dhaifu. Alitoa majani yake, akanywa, kisha akabaki akiyatazama maji. Yalikuwa vuguvugu. Kesho yake yalikuwa moto, na yalinuka kama mayai yaliyooza.

"Bwana Sungura," akasema mbele ya wenzake, "ardhi hii inaunguza kwato za mwanangu. Mimi naona tuhamie mashariki, ng'ambo ya uwanda wa mawe. Nilizaliwa kule. Kuna maji."

Sungura aliwaza haraka. Wakihama, nani atamletea majani? Akasimamisha masikio.

"Mlima umekusikia, dada Choroa, na umehuzunika sana. Unasema atakayeondoka, moto utamfuata yeye na mtoto wake."

Choroa alimtazama ndama wake, akarudi mahali pake. Hofu hiyo ndiyo iliyomweka pale wakati miguu yake yote minne ilitaka kuondoka.

Lakini Simba alikuwa amekunja uso. Sungura, pamoja na ujanja wake wote, alisahau kwamba alikuwa akitoa amri mbele ya mfalme.

"Ngoja kwanza," akasema Simba. "Mlima unawaamuru raia wangu bila kuniuliza? Nenda kauambie uje kuniomba radhi."

"Nitauambia kutoka hapahapa, Mtukufu. Husikia vizuri."

"Mimi sipigi kelele na majirani. Utapanda mpaka juu, uongee nao uso kwa uso. Fisi atakuonyesha njia. Si huenda kila siku?"

Fisi akakohoa, akasema mguu unamsumbua. Simba akauliza ni mguu upi, ili auondoe. Mguu ukapona.

Wakapanda, wanyama wote wakiwatazama kutoka chini. Hawakufika mbali. Penye njia panda ya kwanza Fisi alisimama, akageukia kushoto, akageukia kulia, na kila mtu akaelewa kwamba hajawahi kupita pale. Kabla hajachagua, ardhi ikatikisika, ubavu wa mlima ukachanika, na mto wa moto ukaanza kuteremka kuelekea chemchemi.

Sungura akarudi mbio. "Kimbieni mashariki! Kimbieni!"

"Ndivyo mlima unavyosema?" akauliza Mbuni.

"Mlima hausemi kitu. Haujawahi kusema kitu. Ondokeni."

Nyuma yake Fisi, aliyeungua nyayo, alikuwa akilia kwamba nyama aliila yeye, yote, na kwamba ilikuwa tamu.

Choroa hakusubiri kusikia zaidi. Alimsukuma ndama wake kwa pua, akashika njia ya mashariki, na wengine wakamfuata. Simba aliwapita wote kwa mbio ambazo baadaye alizieleza kuwa ni ukaguzi wa msafara.

Mbuni alibaki. "Tunapimwa imani," alimwambia mkewe. "Tuliambiwa tusiondoke." Mkewe alimvuta kwa mdomo mpaka manyoya yakang'oka. Moto ulipofika kwenye mayai, mke alikimbia peke yake, manyoya ya mumewe yakiwa bado mdomoni.

Mashariki kulikuwa na maji, kama Choroa alivyosema. Ndama alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Simba alitangaza kwamba uhamisho umefanikiwa chini ya uongozi wake. Fisi alifukuzwa, akaenda zake akichechemea, na hakuna aliyemtupia hata mfupa.

Sungura alifika wa mwisho, amejaa jivu hadi kwenye kope. Wanyama walimpisha. Kabla hajagusa maji, mke wa Mbuni alisimama mbele yake.

"Bwana Sungura," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "wewe ndiye unayejua mambo ya mlima. Mume wangu anaendeleaje huko?"

Sungura aligeuka, akaondoka bila kunywa. Mjane hakuondoka. Kesho yake Sungura alimkuta palepale, na keshokutwa pia, akingoja jibu lake. Mwishowe Sungura akaacha kuja majini. Siku hizi hulamba umande kwenye majani, peke yake, kabla mbuni hawajaamka.