Mchuzi wa Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo, mjane mwenye wajukuu, alipopata mchumba, wanawe walimjia mbio kutoka mjini. Mkubwa wao Hoza, tajiri wa malori, aling'aka: "Mama, huyo fundi baiskeli hatumtaki! Posa yake tumeikataa!"

"Nyinyi ndio wenye kauli, baba," mama alisema kwa upole. "Lakini kuleni kwanza."

Walikula wali kwa mchuzi wa mbuzi mpaka wakalamba vidole. Hoza alifyonza uboho, akacheua. "Mama, mbuzi gani mtamu hivi?"

"Wa posa, kamleta mchumba. Na mila yetu mnaijua: aliyemla ameshaniozesha."

Hoza aliurudisha mfupa sahanini upesi.

"Malizia tu, mwanangu. Baba yako wa kambo yuko jikoni, anakuongezea mchuzi."