Nani Aitwe Mboni?

Hapo zamani, kabla mtu hajajua kumwita ampendaye mboni ya jicho langu, palikuwa na Bi Nyamizi, mchemsha chumvi wa Uvinza. Tangu usichana wake aliinamia vyungu: moshi machoni, mvuke machoni, jua machoni. Na bado aliweza kumwona sisimizi na punje aliyoibeba! Macho yale yalilindwa na nani?

Sikilizeni basi. Ndani ya jicho lake la kulia mlikuwa na mji, na raia wa mji ule ni chembe hai, wadogo hata mwenye jicho asiwaone. Kwenye ukuta wa mbele, panapopigwa na kila upepo, waliishi Sitara na mdogo wake Kiraka, ubavu kwa ubavu.

Siku moja chungu kilipasuka. Maji ya chumvi yakaruka yakichemka, tone likamwangukia Sitara.

Kiraka alilisikia joto likipita mwilini mwa dada yake. Sitara hakupiga kelele. Aliwaita watumishi wake wa ndani ya mwili, wale wanaonyoosha kila kilichokunjamana kwa joto. Wakinyoosha huku, kule kunakunjamana.

"Mdogo wangu," akasema, "nimeungua mpaka kwenye kiini. Nikibaki nitaoza, na nikioza nitakuozesha na wewe."

"Dada, usiseme hivyo!"

"Nasema. Ukiona nimeachia ukuta, ziba."

Akajikunja, akajifungasha vipande vipande kama mtu anayehama, asimwagie jirani hata chembe ya sumu yake. Akaachia. Kiraka, huku analia, akajinyoosha mpaka akawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akaziba. Uchafu haukuingia. Bi Nyamizi alifumba jicho, akalala. Alipolifumbua, akaona.

Mji ukashangilia. Mama Machozi, mwosha ukuta, akatangaza: "Nina jina moja tu, Mboni. Atakayepewa, watu watamtaja kila wapendapo. Asiyepewa akifa, namzoa na matongotongo, anapanguswa kwa pindo la nguo, basi."

Kiraka akaruka. "Jina ni la dada yangu! Yuko pale ukingoni mwa jicho, bado hujamwosha. Mwoshe akiwa na jina!"

"Pole, mwanangu," akasema Bibi Angavu, mkazi wa kwenye lenzi. "Dada yako amekufa mara moja. Mimi niliambiwa nuru haipiti vizuri penye kiini. Nikakitoa kiini changu nikiwa msichana. Tangu hapo siwezi kujitengeneza, siwezi kuzaa. Kila joto lililonipata ninalo mpaka leo, nimelishikilia lisinitie ukungu. Kufa ni rahisi, mwanangu. Jaribu kukaa."

Kiraka akamtazama, na kupitia mwilini mwake akaona mji wote wa nyuma, kana kwamba pale hapakuwa na mtu.

"Na mimi je?" ikatoka sauti nzito huko nyuma kabisa. Alikuwa Bwana Mzoa, mkazi wa ukuta wa nyuma. "Jirani zangu wapokea nuru wanaungua ncha zao kila siku, na kila asubuhi nazila mimi. Nikigoma, giza! Sina wa kunipokea zamu, na leo ndiyo mara ya kwanza mnanikumbuka."

"Shikamoo, Bwana Mzoa," mtu mmoja akasema.

"Marahaba. Umechelewa."

Wakacheka. Kiraka hakucheka. "Nyote mna midomo! Yeye hana. Kwani stahili ya mtu ni mpaka awepo kujisemea?"

"Na wewe uliyeziba?" Bibi Angavu akamuuliza taratibu. "Bila wewe, kifo chake kingekuwa mlango wa maradhi. Mbona hujidaii jina hili?"

Hilo Kiraka hakuwa amelifikiria, na sasa alipolifikiria, lilikuwa tamu. Akaona haya.

"Amueni upesi," akasema Bwana Mzoa. "Wenye kazi wakigombana, jina litakwenda kwa lile tundu linalopitisha nuru, nalo halijafanya lolote ila kuwa wazi!"

Nje, Bi Nyamizi alikuwa ameshateka maji ya kunawa, yamejaa viganjani. Mama Machozi akamtazama Sitara pale ukingoni, akamtazama Kiraka. "Semeni. Maji yanakuja."

Haya, wenye macho yenu, semeni ninyi: aliyejiua asiwaozeshe wenzake, aliyebaki na majeraha yake yote ili nuru ipite, anayekula kila asubuhi kilichoungua kwa wengine, au aliyeziba pengo kisha akamdaia jina mwingine? Je, nani alistahili kuitwa Mboni?