Benchi Lililojua Kila Kitu

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika, lakini maharage jikoni hayakuwa na habari. Wajukuu walijibanza kwa Bibi Edeltruda wakimwuliza usemi aliomtupia mama yao mchana ulitoka wapi.

"Anayeuliza hadharani huandika uongo," Bibi alirudia. "Methali hii ilianza hivi."

Kompyuta ya kwanza ilipofika zahanati ya kijiji, watu walivaa nguo za Pasaka. Ah, siku zile! Hata wasiougua walikuja kuiona. Karani, kijana Faustini, aliiweka mbele ya benchi la wagonjwa ili kila mtu aifaidi, akawa anauliza kwa sauti ya mahubiri. Benchi nalo lilisaidia kujibu, maana wote walikuwa ndugu.

"Mzee, ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige! Tazama anavyokula!" benchi lilijibu, na kicheko kikafika barabarani.

Gaudensia alikaa pale na tumbo lake kubwa, ubavuni mwa mama mkwe. Alikuwa ameolewa kutoka mbali. Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuzaa kabla ya ndoa, mtoto akafa, naye akavuja damu hadi kuzimia.

"Shemeji, hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza!" mama mkwe alidakia. "Mwanangu kaoa mwali, wewe!"

Vigelegele vikapigwa. Gaudensia alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ya kwanza," alisema.

Faustini akaandika. Uongo ukaingia kwenye mashine, ukakaa humo kama kweli. Kwa neno hilo walimpangia ajifungulie palepale kijijini, mahali pasipo na akiba ya damu.

Siku uchungu ulipoanza, Gaudensia alimshika mkunga mkono.

"Sista, funga mlango."

"Joto hili, mwanangu?"

"Funga tu."

Mlango ulipofungwa, alinong'ona, "Nilishazaa. Damu ilikataa kukatika. Sista, nitakufa?"

"Hufi. Umeshasema."

Gari likaitwa upesi. Huko hospitali kubwa damu ilimtoka kweli, ila nyingine ilikuwa ikimngoja. Mtoto alilia, mama akamsikia. Mama mkwe aliambiwa tu kwamba mkwewe alihitaji kuongezwa damu.

Sista aliporudi aliihamishia kompyuta chumba cha ndani, kioo kikiangalia ukuta, watu wakaingia mmojammoja.

"Sasa tutacheka wapi?" wazee walinung'unika.

"Chekeni nje. Anayeuliza hadharani huandika uongo."

Kisa chenyewe Gaudensia alikisimulia kwa hiari yake, miaka mingi baadaye, mama mkwe alipokwisha kufariki.

Kicheko cha benchi lile Bibi alikuwa bado anakitamani. Hata sasa, gizani, kilimjia masikioni. Lakini Gaudensia aliishi.

"Ndiyo hivyo, wanangu. Anayeuliza hadharani huandika uongo."

Kaspari, mdogo wao, aliinuka mkekani.

"Bibi, nina jambo la kukuambia, lakini si hapa."